Pedi ya kuchorea isiyo na kioo inatosha kufundishia ubunifu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno na wakuu wa vyuo vya ubunifu hapa Dar es Salaam, maofisa ununuzi wao, na wazazi wanaoletewa orodha ndefu ya vifaa kila mwaka wa masomo unapokaribia. Jambo lenyewe ni uchoraji wa mkono huru kwenye kompyuta. Mwanafunzi anashika kalamu ya kielektroniki, anachora kiti, nyumba au bajaji kama ambavyo angechora kwenye karatasi, bila rula na bila programu kumnyooshea mistari.

Somo hili limeingia madarasani kupitia mlango wa ununuzi. Chuo kikipata fedha kinaagiza vioo vya kuchorea kumi, yaani skrini zinazochorwa juu yake kwa kalamu, vinafungiwa kwenye chumba kimoja, na mwanafunzi anavigusa mara moja kwa wiki akiwa kwenye foleni. Kwingine wanaruka hatua kabisa: wiki ya pili ya mwaka wa kwanza kijana keshakalishwa mbele ya AutoCAD au SketchUp, programu za kuchora kwa vipimo, na boksi tu hajaweza kulichora likasimama. Sisi tunaofundisha tunasema hivi: kwa mwaka wa kwanza, pedi isiyo na kioo, programu ya bure na saa za kutosha za kuchora vina faida kuliko kioo cha bei kubwa. Ila pedi iandaliwe inavyotakiwa, na usahihishaji wa kazi ubadilike.

Pedi isiyo na kioo ni ubao mwembamba unaolala mezani. Unachora juu yake, mstari unatokea kwenye skrini ya kompyuta. Kwenye kioo cha kuchorea unachora moja kwa moja juu ya picha, na hapo ndipo watu wengi hupendezwa, maana anayeingia dukani akijaribu anakielewa papo hapo. Lakini kwa bei ya kioo kimoja cha ukubwa wa wastani unapata pedi kadhaa. Pedi hula umeme kidogo sana kupitia waya wa USB, kwa hiyo umeme ukikatika kompyuta mpakato na pedi vinaendelea kwa betri. Vioo vingi vinahitaji adapta yao ya ukutani, umeme ukizimika navyo vinazimika. Tena kalamu za pedi nyingi hazina betri. Hupata nguvu kutoka kwenye uga wa sumaku wa pedi yenyewe, teknolojia iliyosambazwa sana na Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1983, na leo inapatikana kwa watengenezaji wengi wa bei nafuu. Kwa chuo hilo ni jambo kubwa: hakuna kalamu 40 za kuchajiwa kila asubuhi.

Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vigawiwe walimu, wapo wanaouliza kwa nini vishikwambi visitumike kufundishia kuchora. Jibu linategemea kioo cha kifaa chenyewe. Kipo kioo kinachosoma mguso wa kidole tu, na kipo chenye safu ya pili inayosoma kalamu. Jaribio lake ni rahisi: sogeza ncha ya kalamu ya kifaa hicho karibu na kioo, umbali wa nusu sentimita, bila kugusa. Kielekezi kikionekana kinaelea na kufuata kalamu, kwa kawaida safu hiyo ipo. Kisipoonekana, na kifaa si iPad, usijenge mtaala juu yake. Zile kalamu zenye kichwa cha mpira zinazouzwa Kariakoo ni kidole tu kilichorefushwa: hazijui ukibonyeza kwa nguvu au taratibu, na unene wa ncha yake unaficha mahali unapochora. iPad yenye Apple Pencil ni chombo kizuri, hatubishi. Ila programu inayosifiwa zaidi huko, Procreate, haifanyi kazi kwenye kompyuta za Windows zilizojaa vyuoni kwetu.

Programu tunayoipendekeza ni Krita. Ni ya bure, na leseni yake inaruhusu kuinakili na kuigawa, kwa hiyo ipakuliwe mara moja, iwekwe kwenye flashi, darasa zima lipate bila mtu kumaliza bando.

Sasa tuje kwenye maandalizi ya pedi, kwani hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa wakidhani hawana kipaji. Chukua mfuniko wa kopo, uweke juu ya pedi, uzungushie kalamu. Kwenye skrini litokee duara. Likitokea umbo la yai lililolala, pedi na skrini havina uwiano mmoja. Pedi ya sentimita 16 kwa 10 ikiunganishwa na skrini ya kawaida ya uwiano wa 16 kwa 9, kila umbo hutanuka kwa upana kiasi cha asilimia 11. Mwanafunzi atachora uso mpana na gurudumu lililobonyea, mwalimu atamwandikia “uwiano mbaya”, na kumbe mkono wake uko sahihi. Dawa ni kufungua mipangilio ya pedi na kupunguza eneo linalotumika, sentimita 16 kwa 9, ile sentimita moja ya chini iachwe bure. Pedi nyingine zina kisanduku cha kuweka tiki kinacholazimisha uwiano uwe sawa, kazi ya sekunde tano.

Ukubwa nao una mchezo wake. Skrini ya kompyuta mpakato ya inchi 15.6 ina upana wa takribani sentimita 34. Kwa pedi ya upana wa sentimita 16, mkono ukisogea sentimita moja, mstari unasogea zaidi ya mbili. Maana yake hata mtetemo wa mkono unazidishwa mara mbili. Ndiyo sababu hatushauri pedi ndogo kuliko zote, ijapokuwa bei yake inashawishi. Ya sentimita 25 kwa 15 inampa mwanafunzi nafasi ya kuchora kwa bega na kiwiko badala ya kifundo cha mkono peke yake, na bado inaingia kwenye begi la mgongoni.

Kasoro ya pili ni mgandamizo. Mwanafunzi anabonyeza kalamu, mstari unabaki na unene uleule kama waya. Mara nyingi chanzo ni programu na Windows kutozungumza lugha moja kuhusu kalamu. Ndani ya Krita, kwenye mipangilio ya pedi, kuna machaguo mawili, WinTab na Windows Ink. Badilisha kutoka moja kwenda jingine, funga programu, ifungue upya, ujaribu tena. Kama kila ukituliza kalamu kuna kiduara kinajitokeza na mstari unachelewa kuanza, hiyo ni huduma ya Windows ya kubonyeza na kushikilia ili kupata menyu ya kitufe cha kulia cha kipanya. Izime kwenye mipangilio ya kalamu.

Kasoro ya tatu inawababaisha hata mafundi wa kompyuta. Mstari unatetemeka wenyewe, kalamu ikiwa imetulia. Kabla ya kuirudisha pedi dukani, chomoa chaja ya kompyuta uchore ukitumia betri. Mtetemo ukiisha, pedi ni nzima. Tatizo ni umeme usio na waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini: ekstensheni za pini mbili, adapta za kuunganishia, soketi za jengo la zamani. Kelele ya umeme hupita kwenye chaja ikaingia kwenye pedi. Chuo kikisharekebisha ethi ya chumba kimoja cha kuchorea, malalamiko mengi ya “pedi mbovu” huisha. Kuna mawimbi mengine madogo yanayotokea ukichora mstari wa mshazari polepole mno. Hayo ni ya pedi nyingi za bei ya chini, na huondoka ukichora kwa kasi ya kawaida. Na kwa joto la Dar, kiganja chenye jasho hunata kwenye pedi, mkono ukawa unaruka-ruka. Kipande cha soksi ya pamba kilichokatwa kikavalishwa kwenye kidole kidogo na ukingo wa kiganja kinatosha.

Ukubwa wa ukurasa nao uamuliwe na mwalimu, wanafunzi wasiachwe wabahatishe. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508, na kila leya moja iliyojaa, yaani tabaka moja la mchoro linalolala juu ya jingine, hula takribani megabaiti 35 za kumbukumbu. A3 ni karibu 70. Leya kumi za A3 ni megabaiti 700 kabla hujahesabu hatua zinazotunzwa kwa ajili ya kutengua. Kwenye kompyuta yenye gigabaiti 4, kalamu inaanza kuburuta, mstari unafika sekunde nzima baada ya mkono. Kwa mazoezi, A4 ya nukta 150 inatosha, pikseli 1240 kwa 1754, na kompyuta ya zamani inaimudu. Kwenye maabara za kompyuta za mezani, ambazo hazina betri, programu iwekwe ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika tano.

Baada ya hapo ndipo tufundishe. Wiki mbili za kwanza ziwe za karatasi na kalamu ya wino, na kifutio kisionekane mezani. Karatasi kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, ni karatasi 100 kwa mwanafunzi. Rimu moja inahudumia watu watano. Wanaodhani kompyuta imekuja kuondoa karatasi wanakosea: karatasi ya A3 inamwonyesha mtu kazi yake yote kwa wakati mmoja, katika ukubwa wake halisi, na hilo skrini ya inchi 15 haiwezi.

Pedi ikiingia, siku za mwanzo ni za kuzoeza jicho kutazama juu wakati mkono uko chini. Wengi huzoea ndani ya wiki mbili wakifanya kidogo kila siku. Anayefanya saa tatu Jumatatu na kuiacha pedi hadi Jumatatu nyingine atalalamika muhula mzima. Zoezi la kwanza: weka nukta mbili mbali, pitisha kalamu hewani juu yake mara mbili au tatu, kisha chora mstari mmoja bila kusita. Ukikosa nukta ya pili usirekebishe, nenda kwenye mstari mwingine. Baada ya mistari, maboksi. Baada ya maboksi, duaradufu, yaani duara linavyoonekana likitazamwa kwa mshazari, ndani ya maboksi.

Katika mazoezi haya tunapiga marufuku mambo matatu. La kwanza ni kitufe cha kutengua, kile kinachofuta hatua ya mwisho. Mwanafunzi anayetengua kila mstari huchora mstari mmoja mara 30 akidhani anafanya mazoezi, kumbe anasubiri bahati. Mstari uliokosewa ubaki, wa sahihi uchorwe kando yake, macho yaone tofauti. La pili ni kukuza picha. Akishakuza hadi kwenye mguu mmoja wa kiti, anachora mguu mzuri usiohusiana na kiti. Katika Krita tarakimu 2 hurudisha ukurasa wote kwenye skrini, na kidole cha mkono wa kushoto kikae hapo. La tatu ni kilainishi cha mistari. Kinavuta kalamu nyuma kidogo na kupindisha mkato wako uwe laini, kwa hiyo mkono dhaifu unaonekana imara mpaka siku ya kuchora mbele ya mteja. Kiwashwe baadaye, wakati wa kupitisha wino wa mwisho. Kwa taarifa tu, programu ya Sketchpad ya Ivan Sutherland, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1963 na inayotajwa kama chimbuko la kuchora kwa kalamu kwenye kompyuta, ilikuwa ikinyoosha mistari ya mtumiaji. Kishawishi hicho kina umri wa zaidi ya miaka 60.

Kuuzungusha ukurasa kwenye skrini kunaruhusiwa, na kuhimizwe. Kila mkono una mwelekeo mmoja unaouweza vizuri. Tarakimu 4 na 6 huzungusha ukurasa, 5 huurudisha ulipokuwa. Herufi M hugeuza picha kama kwenye kioo cha kujitazamia, na hapo kiti kilichoegemea upande mmoja kinajisema chenyewe.

Chukua gurudumu la mbele la bajaji, kwa kuwa hapo wanafunzi karibu wote huteleza. Wanachora duaradufu iliyosimama wima, bila kujali bajaji imegeukia wapi. Kanuni ni kwamba kipenyo kifupi cha duaradufu hulala juu ya mstari wa ekseli. Kwa hiyo anza na ekseli: mstari mwembamba unaoelekea pale ambapo mistari ya upana wa bajaji yote inakwenda kukutana. Kisha kipenyo kirefu, pembe mraba na ekseli. Kisha duaradufu, mizunguko miwili au mitatu kwa mkato mmoja, bila kukwangua vipande vipande. Matairi ya nyuma yafuate kanuni hiyohiyo, ila moja likiwa mbali zaidi na jicho litakuwa dogo kidogo. Leya yenye mistari hiyo ya ujenzi ififishwe hadi asilimia 25, na leya mpya juu yake ipokee mstari wa mwisho: mnene chini pale tairi linapogusa ardhi, mwembamba juu kwenye mwanga. Mwanafunzi akilijua hili kwa bajaji, amelijua kwa sufuria, kwa feni, kwa taa ya dari.

Kuna jambo moja ambalo skrini inaharibu kimyakimya, nalo ni skeli. Kwenye karatasi, mkono wa mbunifu majengo unajua mita moja kwa skeli ya 1 kwa 50 ni sentimita mbili. Kwenye skrini unayoweza kuikuza na kuipunguza, mita haina urefu, ndiyo maana tunaona jiko lenye mlango mwembamba kuliko friji. Kila ukurasa uanze na kipande cha mita moja kilichochorwa pembeni kwenye leya iliyofungwa. Kwa 1 kwa 50 kwenye nukta 150, ni pikseli 118. Na mtu asimame kwenye mchoro, urefu wa mita 1.7, hata kama ni fito tu na kichwa.

Kompyuta inalipa gharama yake pale michoro inapopangwa juu ya mingine. Piga picha ya sehemu halisi, iweke leya ya chini, uififishe, chora pendekezo juu yake. Seremala wa Keko aliyeletewa picha ya kabati kutoka mtandaoni anaweza kuonyeshwa kabati hilohilo ndani ya sebule ya mteja, namna tatu tofauti, kabla ubao haujakatwa. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili na si kama picha, maana picha hubanwa na mistari myembamba hupotea. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, ni darasa jingine lisilo na kiingilio: ile miavuli ya zege inamlazimisha mchoraji atafute mhimili wa nguzo kwanza, kisha ukingo wa juu, na mwisho kabisa ndipo afikirie kivuli. Angalizo: kunakili picha mstari kwa mstari hakumfundishi mtu kuchora. Picha iwe sakafu ya pendekezo. Umbo lenyewe achore kwa kulitazama.

Tunafika kwenye alama, na hapa lawama ni yetu walimu. Kazi zinakusanywa kama picha moja iliyokamilika, yenye rangi na mng'ao, na aliyeng'arisha zaidi anapata zaidi. Usahihishaji wa namna hiyo unamfundisha mwanafunzi kuogopa mchoro mbaya wa kwanza, na siku hizi unampa mwanya wa kuleta picha iliyotengenezwa na akili mnemba. Tunapendekeza kati ya alama 100, 40 ziende kwenye wingi na utofauti wa mawazo: vijichoro 12 vya ukubwa wa kadi ya benki, vinane visivyofanana. 30 ziende kwenye ujenzi wa umbo, 20 kwenye kusomeka kwa mchoro, yaani fundi akiutazama ajue kipi kiko mbele na kipi kinaunganika na nini. 10 zinazobaki ziwe za umaliziaji. Mwanafunzi akusanye faili lenye leya zake zote. Krita kuanzia toleo la 5 ina kirekodi kinachotunza hatua za uchoraji na kuzifanya video fupi. Kiwashwe kwenye kazi za mtihani tu, la sivyo diski itajaa mapema.

Kuhusu kuchapa, tahadhari moja. Mstari wa pikseli 3 kwa nukta 300 ni robo milimita. Kwenye skrini iliyokuzwa unapendeza, kwenye bango la A1 lililotundikwa ukutani mtu aliye umbali wa mita mbili hauoni vizuri. Chapa kipande cha A4 kwa ukubwa halisi stesheneri kwanza, kitundike, rudi nyuma, utazame. Rangi nazo zitapoa, hasa bluu na kijani kikali, kwa kuwa wino hauwaki kama skrini.

Kwa maofisa ununuzi, zabuni ijayo isiandike “tabuleti ya kisasa ya kuchorea”. Iandike eneo la kuchorea lisilopungua sentimita 25 kwa 15, kalamu isiyo na betri, ncha za akiba zisizopungua kumi kwa kila kalamu kwa sababu ncha iliyolika upande hukwaruza pedi, waya unaochomoka pande zote mbili ili ukikatika ubadilishwe peke yake, na uthibitisho kwamba inafanya kazi kwenye toleo la Windows lililopo chuoni. Muuzaji afanye jaribio la mfuniko wa kopo mbele ya kamati ya mapokezi. Kwa waratibu wa ratiba, saa tatu za wiki zigawanywe siku tatu, saa moja moja, na ziwe kabla ya AutoCAD kuanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa uchoraji na ubunifu,
Dar es Salaam